Rangi Inayoita Radi

Igalagala,
9 Novemba 2023

Mwanangu Antoni,

Pokea salamu zangu na za wote wa hapa nyumbani. Sisi tunapumua. Mvua zimeanza vizuri, mahindi ya upande wa mlimani yamekwisha kupandwa, na Chenge amemaliza kulima shamba la pamba, ingawa alilima huku ananung'unika kama kawaida yake. Ng'ombe mweupe amezaa dume. Jirani yetu Odeta anasumbuliwa na miguu, jana nimempelekea uji. Anakusalimu, anauliza kama bado unakula udongo wa kichuguu. Nimemwambia siku hizi unakula chipsi.

Simu yangu ilitumbukia kisimani kama unavyojua, na sina haraka ya kununua nyingine. Ya Chenge anaishika Chenge mwenyewe, hata mimi mama yake siruhusiwi kuigusa. Ndiyo maana naandika, na barua nimempa kondakta wa basi pamoja na kifurushi cha michembe ya viazi. Michembe hiyo ni ya wewe na Evelina. Siyo ya wewe peke yako.

Sasa nisikilize. Mke wa katekista alikuja huko Mwanza kwenye harusi, na aliporudi ameniletea habari iliyonikosesha usingizi. Anasema alimwona mwanangu Evelina ziwani, amesimama juu ya ubao katikati ya mawimbi, na watu ufukoni wanampigia makofi. Antoni, mimi nilimleta Evelina kwako Mkolani ajifunze cherehani. Wapi na wapi cherehani na mawimbi? Kuogelea kwenyewe hajui vizuri, alikulia kwenye majaruba ya mpunga.

Nataka unijibu jambo moja bila kunizungusha. Hizo mbao mnazipanda hata radi ikipiga? Unakumbuka ng'ombe wa Masele walivyokufa malishoni, wote wamelala upande mmoja. Mkumbushe mdogo wako yale niliyowafundisha nyote tangu mkiwa watoto. Mawingu yakikusanyika asisimame chini ya mti, asishike chuma, asikae majini, asivae nguo nyekundu. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Ni mimi shangazi yako,
Modesta

*

Mkolani, Mwanza,
26 Novemba 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Chenge, na dume la ng'ombe mweupe ambalo naomba lisipewe jina mpaka nije. Mimi na Evelina hatujambo. Kazi ya injini za mitumbwi pale Igogo inaendelea, mikono yangu inanuka petroli hata kanisani. Evelina ameshona sketi yake ya kwanza. Upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine, lakini anaivaa kwa maringo na hakuna anayethubutu kumwambia. Michembe tumeipata. Alikula yeye karibu yote, kwa hiyo kesi hiyo mfungulie yeye.

Mke wa katekista hakusema uongo, ila alipunguza utamu. Kuna mtu anaitwa Elias, alifanya kazi melini miaka mingi, akarudi na mbao nyepesi za kusimamia juu ya wimbi. Jumamosi namsaidia kufundisha watu. Evelina alikuja kutazama, akaomba kujaribu, akaanguka weee mpaka tukachoka kucheka. Siku moja akasimama. Shangazi, ungemwona uso wake ungenisamehe.

Swali lako ni gumu kuliko unavyodhani. Ziwa letu siyo bahari. Siku nyingi limetulia kama uji uliopoa, huwezi kupanda kitu. Mawimbi huja na upepo, na upepo mkubwa huja na mvua. Kwa hiyo Elias ana sheria: ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, filimbi inapigwa na kila mtu anatoka, hata kama wimbi ni zuri namna gani. Anasema juu ya maji hakuna mti wala nyumba, kitu kirefu ni wewe. Na tukishatoka hatukai chini ya miti, tunaingia kwenye jengo tusubiri. Sheria hiyo tunaishika. Ila sitakudanganya, wimbi bora kuliko yote ni lile linalokuja kabla kidogo ya filimbi, na kila mtu analitaka.

Kila anayeingia majini anavaa jaketi la kujiokolea, hata mimi ninayejua kuogelea. Hapo ndipo mafundisho yako yalipotutia aibu. Majaketi ya Elias yote ni mekundu. Evelina siku ya kwanza alikataa katakata, "Mama atasema nini!" Elias alicheka mpaka akakaa chini. Alisema wekundu ni wa kukuona ukipotea, radi haichagui rangi. Sasa analivaa, lakini kila wingu likipita analitazama kama mgeni asiyemwamini.

Usiwe na wasiwasi. Nitamtunza.

Mwanao,
Antoni

*

Igalagala,
20 Januari 2024

Antoni,

Salamu. Tupo. Mahindi yamekauka kidogo halafu mvua ikarudi, tutapata cha kula. Dume la ng'ombe linaendelea vizuri. Chenge ameanza kunywa. Siku hizi anarudi jioni macho mekundu, hasemi na mtu.

Ninaandika kwa sababu uliondoka alfajiri baada ya mazishi, kabla hatujakaa tukazungumza. Wewe ndiye uliyemleta mwanangu Evelina kwenye gari, umekaa naye nyuma njia nzima, halafu ukaondoka kama dereva wa kukodi. Sikukasirika siku ile. Sasa nimekasirika.

Umeona mwenyewe tulivyomzika. Kwetu aliyeuawa na radi haliliwi. Anazikwa siku ileile, chini kule kwenye unyevu karibu na mto, siyo kando ya baba yake. Hakuna matanga. Katekista aliomba sala fupi akaondoka, kwa kuwa wazee walikuwa wanamsubiri mganga aje kunyunyizia nyumba dawa. Mimi mama mzazi niliambiwa nikitoa sauti nitaiita irudi kumchukua Chenge. Nikauma kanga. Mpaka leo sijamlilia mwanangu, Antoni. Kifua kinaniuma kama mtu aliyemeza jiwe.

Lakini mimi nilimwosha. Tulikuwa mimi na Odeta, wengine waliogopa kumgusa. Nilimgeuza huku na huku nikitafuta alama ya moto. Masele aliwahi kunionyesha ng'ombe wake waliokufa, manyoya yameungua mstari. Evelina ngozi yake ilikuwa safi kama siku niliyomzaa. Odeta akamkandamiza tumbo, akasema kwa sauti, wanawake wote waliokuwa nje wakasikia: "Huyu mtoto amejaa maji." Tangu siku hiyo watu wanaulizana, Odeta amejuaje? Radi inaua, yeye anasema maji. Lisemwalo lipo, wanasema.

Ulimpigia Chenge ukasema radi, simu ikakatika. Hilo ndilo neno pekee tulilonalo. Niambie ilikuwaje. Ulikuwa umbali gani naye? Filimbi ilipigwa? Alisema nini?

Shangazi yako

*

Mkolani, Mwanza,
11 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua yako, nashukuru kwa kunijulisha hali ya nyumbani. Huku joto ni kali. Bei ya samaki imepanda, sato amekuwa chakula cha wakubwa, tunakula furu na dagaa. Kazini wameleta injini mpya za aina nyingine na sote tunajifunza upya. Elias amefunga shughuli yake. Mbao ameziuza kwa mtu wa hoteli, nasikia ameondoka mjini. Chumba cha Evelina bado sijakigusa. Mwalimu wake wa cherehani alikuja kutoa pole, akaacha kitambaa alichokuwa amekikata.

Kuhusu uliyoniuliza, ni kama nilivyosema. Mvua ilikuja ghafla kutoka upande wa Ukerewe, radi ikapiga, na mambo yakawa yale yaliyokuwa. Kazi ya Mungu haina makosa. Tumwombee apumzike.

Bibi Odeta anahusikaje na haya? Mzee wa watu ametulea sote. Mwambie Chenge apunguze pombe.

Naomba unisamehe kwa kuondoka mapema, kazini hawakuniruhusu.

Mwanao,
Antoni

*

Igalagala,
3 Machi 2024

Antoni,

Hatujambo.

Barua yako imejaa samaki na injini. Nimeisoma nikamtafuta mwanangu ndani yake sikumwona.

Unauliza Odeta anahusikaje. Basi nikuambie. Mganga amekuja na kuku amepasuliwa. Ndani ya kuku wameona mwanamke, mjane, jirani, anayeingia nyumbani bila kubisha. Usiniulize kuku alitoka banda gani. Kisimani sasa Odeta akifika wengine wanaondoka na ndoo zao tupu. Watoto wanamrushia mawe. Vijana wanakaa kwa Masele jioni na Chenge yuko katikati yao, na nikipita wananyamaza. Odeta alikuja mlangoni kwangu juzi, akasimama uani, akasema, "Modesta, mimi na wewe tulimwosha. Sema ulichokiona." Nikamwambia sijui nilichokiona. Akarudi kwake.

Na kweli sijui. Radi bila moto ni radi gani kama siyo ya kutumwa? Nijibu. Ukiniandikia tena habari za dagaa, usiniandikie kabisa.

M.

*

Mkolani, Mwanza,
17 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za kutanguliza, unisamehe. Nimempigia Chenge mara nyingi, hapokei. Nimemtumia ujumbe kwamba bibi Odeta hana kosa, akanijibu niache kuwatetea wachawi. Ijumaa nilikwenda stendi nikakata tiketi ya kuja huko. Basi lilipowasha injini nikashuka. Niliogopa uso wako. Nakuandikia kwa sababu karatasi haina macho.

Evelina hakuuawa na radi. Alikufa maji.

Jumamosi ile upepo ulianza asubuhi na mawimbi yalikuwa makubwa kuliko tuliyowahi kuyaona. Tulikuwa mbali kidogo, mimi na yeye, tumekaa juu ya mbao zetu tukisubiri. Wingu lilikuwa jeusi kule Ukerewe. Ngurumo ya kwanza tuliisikia sote wawili. Nilimtazama, akanitazama. Nikasema, "Moja la mwisho." Ni mimi niliyesema hivyo, siyo yeye. Filimbi ya Elias ililia, tukajifanya upepo umeimeza.

Halafu radi ikapiga kwenye mawe, karibu kiasi kwamba nilisikia ikitetemesha meno yangu. Shangazi, mimi niliyekuandikia nikicheka, mimi fundi wa injini niliyesoma mpaka kidato cha nne, mikono yangu ilikwenda yenyewe kifuani ikafungua kamba za jaketi. Sikufikiri. Nilisikia sauti yako tu, kama vile nipo pale uani kwako na mvua inakuja: vua hilo jekundu, vua upesi. Nikalivua nikalitupa. Nilipogeuka, Evelina alikuwa ananitazama, naye anafungua lake. Nilitaka kupiga kelele asilivue. Midomo ilikuwa mizito. Yeye akaniuliza, "Kaka, na suruali ina mstari mwekundu, nayo nivue?" Hilo ndilo neno lake la mwisho. Umeniuliza alisema nini.

Wimbi likatupindua. Mimi naogelea. Yeye haogelei. Ubao wake niliuona, jaketi lake niliona linaelea jekundu peke yake, zuri kabisa, kila mtu ufukoni alikuwa analiona. Yeye hatukumwona mpaka mvua ilipokatika.

Radi haikutugusa. Haikumgusa mtu yeyote siku ile. Nilipompigia Chenge nilisema, "Radi ilipiga, tukavua," nikashindwa kumalizia, nikakata simu. Nyinyi mkamalizia. Nikawaacha mmalizie, kwa kuwa radi ni ya Mungu na hili lilikuwa langu. Na sikutaka ujue kwamba maneno yako ndiyo yaliyokuwa masikioni mwetu. Nilidhani nakuhurumia.

Bibi Odeta alisema kweli, mtoto alijaa maji. Mpelekee Chenge barua hii aisome, na Masele, na wazee wote. Wafanye wanachotaka na mimi. Lakini fanya haraka, nakuomba kwa jina la Evelina, fanya haraka.

Antoni

*

Igalagala,
14 Aprili 2024

Mwanangu Antoni,

Salamu kutoka nyumbani. Nyumbani nipo peke yangu. Mvua ni nyingi mno, nyumba ya Odeta imeanguka ukuta mmoja kwa kuwa paa halipo tena. Ng'ombe nimemkabidhi Masele. Chenge yupo mahabusu.

Barua yako ilinifikia siku chache kabla ya Pasaka. Kondakta mwenyewe aliileta mlangoni, akasema kijana aliyemkabidhi alimshika mkono akimsihi. Niliiangalia bahasha, nikasema huyu ananiletea dagaa tena, au ananiletea kitu nisichoweza kukibeba. Yote mawili niliyaogopa. Nikaiweka ndani ya sanduku la nguo za Evelina bila kuifungua, nikafunga sanduku. Kila siku nilikuwa napita pale.

Ijumaa Kuu nilikuwa kanisani, tunaimba. Walikwenda kwa Odeta jioni, vijana wengi, na mwanangu mbele. Niliporudi nilimkuta Chenge ananawa uani. Sikumuuliza kitu. Nilimpakulia ugali, Antoni. Kuku aliyepasuliwa na mganga alikuwa wangu, jogoo mwekundu; ushahidi wa kumuua jirani yangu niliutoa mimi mwenyewe. Ndiyo maana sikuuliza.

Asubuhi polisi walikuja wakamchukua. Nyumba ilipokuwa kimya nikafungua sanduku, nikasoma. Nililia mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakasikia. Wanawake walikuja mbio kunifunga mdomo, radi isirudi. Nikawaambia hakuna radi. Nikawaambia mwanangu amekufa maji, na aliyekufa maji analiliwa. Waliniangalia kama mtu aliyepagawa.

Nilimpelekea Chenge barua kule kituoni. Askari alimsomea yote, hata pale kwenye suruali. Chenge alisikiliza ameinamisha kichwa. Askari alipomaliza kusoma, Chenge aliuliza kitu kimoja tu: "Hii barua ilifika lini?" Nikamwambia. Hakusema nami tena, na Jumatatu nilipompelekea chakula alikirudisha.

Odeta hakufa. Wavuvi wa kambi ya kule mtoni walisikia kelele wakamtoa kwenye moto, wakamfikisha hospitali. Nilikwenda. Binti yake alinizuia mlangoni, akaniita jina ambalo sitaliandika. Odeta akasema kutoka kitandani, "Mwache aingie, nimemjua kabla yako." Kichwa kimefungwa chote, jicho moja linaonekana. Mkono wa kulia hawakuweza kuuokoa.

Nikapiga magoti nikamsomea barua yako. Nilisoma polepole, macho yangu siyo mazuri. Nilipofika pale mlipovua majaketi nikamwambia, "Odeta, ni mimi. Ni mimi niliyemwekea mtoto yale maneno." Nilidhani atanitemea mate. Ningefurahi.

Akanigeuzia lile jicho moja. Halafu akasema, "Siyo wewe peke yako. Wewe ulikuwa shambani siku zote, Modesta. Mvua ikija watoto walikuwa kwangu. Evelina alikuwa na kile kigauni chekundu, alikipenda, alikuwa analia nikitaka kumvua. Nilikuwa namchapa kidogo ndiyo anavua. Nilimfundisha kwa kumchapa." Akainua mkono ule usiokuwepo, kile kipande kilichofungwa bandeji, akakiangalia. "Kwa huu," akasema.

Muuguzi akasema muda wa kutazama wagonjwa umekwisha, nikatoka nje nikakaa kwenye benchi mpaka jioni.

Sasa nikuambie kilichobaki. Hapa kijijini hawaamini. Wanasema barua imeandikwa ili kumtoa Chenge, au kwamba Odeta amenilisha kitu. Wanasema mchawi amepona na akirudi watammalizia. Binti yake ana chumba kimoja na mume asiyemtaka mama mkwe. Odeta hana pa kwenda ila hapa. Mimi nimesimama kanisani nikasema yote, nikasema na la jogoo. Katekista aliinamisha macho. Kina Masele walitoka nje nikiwa bado naongea. Kwao mimi ni mama wa marehemu na mama wa mfungwa, huzuni imenichanganya. Wanataka kusikia kwa mtu aliyekuwa majini.

Sitaki barua nyingine kutoka kwako. Nimekusamehe, na kama sijakusamehe nitakusamehe ukiwa umekaa mbele yangu. Njoo usimame mbele ya wale vijana, uwaambie ulivyofungua kamba kwa mikono yako. Watakupiga huenda. Njoo hivyo hivyo. Daktari amesema wiki ijayo Odeta atatolewa.

Shangazi yako,
Modesta